Bamba la Shaba Nyuma ya Banda la Ng'ombe

Zamoyoni bin Akida alikuwa na mdomo. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo mtu yeyote wa Shinyanga wa miaka ile angekuambia juu yake, kabla hata hajakuambia kwamba alikuwa fundi wa taa za umeme, kazi ambayo walioijua mji mzima ungeweza kuwakalisha kwenye mkeka mmoja. Alizaliwa Tabora. Baba yake alikuwa Mmanyema, mpagazi wa misafara mpaka magoti yalipokataa; mama yake Mnyamwezi, muuza vitumbua. Kimo alikichukua kwa baba, ulimi kwa mama. Angekuuzia kitumbua cha jana na ukaondoka unashukuru. Mdomo huo ulimpa kazi, ukampa mke, ukampa na rafiki, kwa hiyo tusimwonee kwa kuutegemea. Nani asingeutegemea?

Umeme aliujulia upande wa Geita, ile miaka ambayo kila mwenye mikono miwili alikimbilia huko kutafuta dhahabu. Alikwenda kuchimba, akachimba kidogo, mgongo ukamwambia basi. Akajipendekeza kwa fundi mmoja wa Kizungu, mzee kiziwi wa sikio moja, akawa mbeba waya wake. Mzee yule hakujua kufundisha ila kwa kufoka, na neno alilolifoka kuliko yote, kwa Kizungu chake, lilikuwa hili: palipo na bati, maji na mnyama, anza na ardhi, taa baadaye. Alilifoka asubuhi, akalifoka wakati wa chakula, mpaka Zamoyoni akawa analiota.

Maana yake ilikuwa rahisi. Kabla hujapeleka taa kwenye jengo la mifugo, unachimba shimo, unatandika mkaa na chumvi, unalaza bamba la shaba nyekundu, unalifukia na kulimwagia maji. Kutoka kwenye bamba unavuta waya mnene mpaka kwenye bati na kila chuma cha jengo. Siku umeme utakapopotea njia na kuingia kwenye bati, utateremka ardhini kwa waya ule, fyuzi itakatika, taa zitazimika, na watu watalaani giza wakiwa hai. Pasipo na bamba, fyuzi haina habari. Umeme unakaa kwenye bati kimya kabisa, unamngoja wa kwanza atakayegusa huku amekanyaga unyevu. Zamoyoni alimwona nyumbu wa mgodini akifa hivyo, amesimama kwenye tope akinywa maji kwenye pipa la chuma. Tangu siku ile hakuhitaji kufokewa tena.

Alipochoka na Geita alirudi kusini akapata kazi Shinyanga, kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba kilichokuwa na injini ya mafuta na dainamo ya kuzalisha umeme. Alimwoa Mwahija, binti wa fundi cherehani, mwanamke mwenye maneno machache ambayo mumewe alijifunza kuyaogopa. Na pale pale kiwandani, kwenye foleni ya wakulima wanaoleta pamba, alimpata Nkwabi.

Nkwabi alikuwa Msukuma wa ng'ombe na jembe, mpana wa kifua, mchezaji ngoma wa kutajika. Siku ya kwanza aliitazama taa ya kiwandani kwa muda mrefu, kisha akamuuliza Zamoyoni kama moto wake huo usio na moshi unaweza kuchoma hata kiazi. Zamoyoni akamjibu kwamba unaweza kumchoma Msukuma, na kiazi kikabaki. Wakacheka mpaka msimamizi wa mizani akaja kuona kuna nini. Kama Wamanyema na Wasukuma ni watani au si watani, wazee na wabishane. Hawa wawili waliufanya utani wao wenyewe. Nkwabi akija mjini alikula kwa Mwahija. Zamoyoni akienda shambani, Limi, mke wa Nkwabi, alimtilia maziwa mgando kwenye kibuyu kikubwa kuliko cha wageni wengine.

Mwaka wa thelathini na nane, pamba ilipokwisha kuvunwa, wakubwa waliandaa maonyesho makubwa ya mifugo na mazao kwenye uwanja nje ya mji. Mchana watu wangetazama mafahali na marobota ya pamba. Jua likizama, ngoma. Na kwa mara ya kwanza uwanja ule ungewashwa taa za umeme. Kiwanda kiliwaazima injini ndogo na dainamo, kikamtoa Zamoyoni atandaze waya, na Shaaban, mtu wa injini, aiendeshe.

Aliyezaliwa mbali na Usukuma lazima aelezwe habari ya ngoma zile. Kulikuwa na vyama viwili, Bagika na Bagalu, na kila mcheza ngoma alikuwa wa huku au wa kule. Walicheza kwa wakati mmoja, kila chama kwenye ncha yake ya uwanja, na watazamaji walikwenda wanakopenda. Chama kilichokimbiwa na watazamaji kilikuwa kimeshindwa, na aibu yake ilikaa mwaka mzima. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na mganga wake na dawa zake za kuvuta watu, na hofu iliyokuwa kubwa kuliko zote ilikuwa hofu ya kitu kilichofukiwa ardhini na wale wengine. Nkwabi alikuwa Mgika, na si Mgika wa nyuma.

Zamoyoni alifanya kazi yake kwa haki. Waya alizipitisha juu ya nguzo ndefu, zisifikiwe na pembe za ng'ombe wala mikuki ya wachezaji. Hakuweka globu karibu na nyasi kavu. Swichi ya banda aliifunga nje, kwenye nguzo ya mti, mtu aweze kuzima bila kuingia ndani. Waya ulipopenya kwenye bati aliuvika mpira wa baiskeli usikatwe na makali. Banda lenyewe ndilo lililomtia wasiwasi. Lilikuwa refu, bati juu na bati ubavuni, limesimama kwenye nguzo za mbao, na ndani lilipita bomba la chuma la kufungia ng'ombe kwa minyororo. Sakafu iliamriwa ioshwe asubuhi na jioni. Bati, maji, mnyama: kama vile mzee wa Geita amelijenga yeye kumtega.

Basi akaanza na ardhi. Alichimba nyuma ya banda, mchana kweupe, na kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kutazama, watu wakakusanyika. Walimwona akitandika mkaa, akinyunyiza chumvi juu ya mkaa, akilaza bamba jekundu linalong'aa, akifukia, akimwaga maji polepole huku akiimba chini chini kama alivyozoea akiwa kazini. Kelele zote zilikwisha. Alipoinua kichwa alikuta nyuso zimemkazia macho, na wengi wa waliokuwa mbele walikuwa Bagika.

"Fundi, unafukia nini hapo?" mmoja aliuliza.

Alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Hata aliufungua mdomo ili aiseme. Lakini aliwaza shaba nyekundu inavyopendwa kwa bangili, na jinsi bamba lile litakavyoyeyuka likawa mikononi mwa wanawake kabla maonyesho hayajakwisha, na ulimi ukamtangulia.

"Hii ni dawa," alisema. "Kali. Atakayeifukua asije kunililia."

Akakung'uta mikono, akaondoka anacheka. Jioni alimsimulia Mwahija. Mwahija aliendelea kupepeta mchele.

"Rudi uwaambie ni waya tu," alisema.

"Waya tu wataiba, mke wangu. Dawa hawaigusi."

"Wewe umekaa na Wasukuma miaka yote hii, bado hujui wanachokifanya na dawa ya mwenzao?"

Zamoyoni alijibu kitu cha kuchekesha, wakala, wakalala.

Ngoma za siku ya kwanza zilifana, kwa Bagalu. Walicheza kwenye ncha ya uwanja iliyokuwa karibu na banda, na watu walimiminika kwao mpaka wengine wakapanda juu ya bati la banda ili waone. Zamoyoni aliwatukana, akawavuta miguu, akawashusha, na wakipanda tena akawashusha tena. Ncha ya pili, Nkwabi na wenzake walicheza wakitazamwa na akina mama wachache na mbwa. Hakuna aliyehitaji kuambiwa sababu. Dawa ilikuwa imefukiwa upande wa Bagalu, na aliyeifukia alikiri kwa kinywa chake.

Kesho yake alasiri Zamoyoni alikwenda nyuma ya banda na ndoo ya maji ya chumvi, maana ardhi ilikuwa kavu na bamba lilitaka kunyweshwa. Akakuta shimo. Mkaa ulikuwa umetupwa huku na huku, na ule waya mnene uliounganisha bati na bomba la ng'ombe ulining'inia ubavuni mwa bati, umekatwa kwa shoka. Ndoo ilimponyoka. Alipiga magoti akapapasa ndani ya shimo kwa mikono, kama mtu aliyeangusha pete, ingawa aliona wazi kwamba ni tupu. Juu yake, pale waya wa taa ulipopenya kwenye bati, bati lilikuwa limebonyea kwa miguu ya watu wa jana, na ule mpira wa baiskeli ulikuwa umetoka mahali pake. Sasa waya ulikuwa umeegemea makali ya bati.

Nkwabi alikuwa ndani ya banda, anamsugua fahali wake mweusi wa maonyesho kwa kicha cha majani, miguu mitupu kwenye maji ya sakafu.

"Liko wapi?" Zamoyoni aliuliza.

"Mwadila, mtani," Nkwabi alimwamkia kwa Kisukuma bila kugeuka. "Watu huamkiana kwanza."

"Mwadila. Bamba langu liko wapi?"

"Kwa hiyo ni lako kweli? Nilikuwa nawaambia wenzangu labda Bagalu wamekutuma tu."

"Hakuna aliyenituma! Nkwabi, nisikilize. Ile si dawa. Ni shaba tu."

"Na mkaa?"

"Mkaa unatunza maji."

"Na chumvi?"

"Chumvi inasaidia umeme upite."

"Na yale maneno uliyokuwa ukiyasema ukimwaga maji?"

"Yale si maneno, nilikuwa naimba!"

Nkwabi aliiacha kazi yake, akamtazama. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Zamoyoni. "Juzi, mbele ya watu wote, ulisema ni dawa kali. Leo tumeitoa, unasema si dawa. Mtani, ungekuwa wewe ndiye mimi, ungeamini la siku gani?"

"Nilidanganya juzi."

"Basi u mwongo. Na sasa unataka niamini la mwongo?" Akacheka, akampiga bega. "Nyamaza, bwana. Mimi sina kinyongo na wewe. Mtu hutafuta riziki. Bamba tumelipeleka kwa mganga wetu Mageni alipooze, na leo tutacheza sawa kwa sawa."

Zamoyoni alimshika mikono yote miwili. Alimweleza habari ya nyumbu, ya bati, ya umeme unaokaa kimya. Alimwomba amfungue fahali wamtoe nje. Nkwabi akasema Bwana Mifugo, mkubwa wa maonyesho, amekataza ng'ombe kutolewa kabla wageni wakubwa hawajawaona jioni. Zamoyoni akamwapia kwa Mungu. Nkwabi akatikisa kichwa, huruma imemjaa usoni, kama anamtazama mgonjwa wa homa. Aliyekuwa na mdomo wa kuuza kitumbua cha jana alisema kweli yote siku ile, akaikuta haina mnunuzi.

Alikwenda mbio kwenye kibanda cha injini. Akaichomoa fyuzi ya banda, akaitia mfukoni. Hapo angemwambia Shaaban mambo yote na mambo yangekwisha. Lakini kumwambia kungekuwa kukiri kwamba bamba la kiwanda limepotea kwa sababu yeye alijifanya mganga, na Shaaban alikuwa mtu wa kupeleka habari msikitini kabla ya wudhu. Aibu ikamziba kinywa, kinywa kile kile.

"Fyuzi ya banda imekufa," alisema. "Usiiguse mpaka nirudi. Umesikia, Shaaban? Usiiguse."

"Sawa, sawa. Unakwenda wapi? Jua linashuka."

Alishika njia ya mto Mhumbu, akavuka mchanga mkavu, akapanda ng'ambo kati ya mashamba ya mtama yaliyobaki mabua. Alikimbia, akatembea, akakimbia tena, mkono kifuani. Njia nzima alikuwa anazungumza peke yake, anapanga maneno atakayomwambia Mageni, maneno ya kweli, yaliyonyooka, yasiyoweza kukataliwa na mtu mwenye akili.

Mageni alikuwa mganga wa Bagika, mtu mnene mwenye kikohozi, na alimkuta anakula ugali kwa utaratibu wote. Bamba lilikuwa pembeni, ndani ya chungu cha maji ya majani.

"Shikamoo," Zamoyoni alisema, akihema.

"Marahaba. Kaa ule."

"Nimekuja kuchukua bamba langu. Mzee wangu, si dawa. Ni kinga ya umeme. Lisiporudi kabla taa hazijawashwa, mtu atakufa bandani."

Mageni alitafuna, akameza. "Mimi kazi hii nimeirithi. Kila anayefukuliwa dawa yake huja mbio, na kila anayekuja husema si dawa. Ungenyamaza nyumbani kwako, labda ningefikiri ni shaba tu."

Alimwomba. Alipiga magoti kwenye vumbi, akamshika miguu, machozi yakamtoka mbele ya wajukuu wa mtu. Kweli haikumsogeza Mageni hata kidogo. Kadiri Zamoyoni alivyolia ndivyo mganga alivyozidi kuamini kwamba amekamata kitu kikubwa. Na kivuli cha nyumba kilikuwa tayari kimevuka ua. Hapo Zamoyoni alisimama, akafuta uso, akakaza sauti.

"Haya. Umeshinda. Ni dawa, tena imeamka. Haipozwi kwa majani yako. Jua likizama ikiwa chini ya paa hili, itaanza na mdogo wa nyumba hii na kupanda juu. Mimi nimekwisha kusema."

Mageni aliacha tonge hewani. Kufumba na kufumbua bamba likawa mikononi mwa Zamoyoni, limelowa, na mganga mwenyewe akamfungulia mlango wa boma. Uongo ulikuwa umefanya kwa pumzi moja jambo ambalo kweli ilishindwa kulifanya kwa machozi. Hakuwa na wakati wa kuliwaza hilo wakati ule. Angelipata wakati baadaye, mwingi mno.

Alirudi anakimbia na bamba limekumbatiwa kifuani, makali yake yakimkata mkono. Ngoma alizisikia kutoka mbali, ncha zote mbili. Alipofika ukingo wa mto, jua lilikuwa limekwisha kuzama, na taa za uwanja zikawaka, moja baada ya moja, kwenye nguzo zake. Alisimama. Alilitafuta banda kwa macho gizani, akaliona limezama kwenye weusi wake, akasema alhamdulillahi kwa sauti. Shaaban amesikia. Akaanza kuteremka mtoni taratibu.

Alikuwa katikati ya mchanga banda lilipowaka.

Yaliyotokea aliyajua baadaye. Bwana Mifugo alifika na wageni wake, akauliza kwa nini mafahali wako gizani. Shaaban, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliona aibu kwa niaba ya mwenzake. Akatafuta waya wa kufunga mahali pa fyuzi, na kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa imekufa upesi, akachagua waya mnene usiokatika, ili usimsumbue tena Zamoyoni. Akadhani anamtendea hisani.

Zamoyoni alipanda ukingo kwa mikono na magoti. Alipiga kelele, "Zima! Zimeni!" na kelele zake zikamezwa na ngoma. Alipenya kati ya watu akiwapiga vikumbo. Alipofika, fahali mweusi alikuwa amekwisha kuanguka, shingo imenyongwa na mnyororo, miguu inapiga sakafu. Nkwabi alikuwa juu yake. Alikuwa amekimbilia kumfungua, kama mfugaji yeyote angefanya, ameushika mnyororo kwa mikono miwili, na mikono haikuachia. Mdomo ulikuwa wazi na hautoi sauti. Watu walikuwa wanamsogelea wamvute. Mmoja alikuwa tayari amerushwa nyuma, amekaa kwenye maji analia.

Zamoyoni aliifikia swichi, akaizima kwa kiwiko maana mikono ilikuwa na bamba. Nkwabi akalegea, akalala juu ya ng'ombe wake. Walimbeba nje, wakampulizia, wakamsugua kifua, wakamwita jina lake na la baba yake. Kuna aliyetaka apakiwe kwenye gari apelekwe hospitali ya Kolandoto. Bwana Mifugo aliinama, akaweka sikio kifuani, akainuka, akavua kofia.

Ndipo watu walipomgeukia Zamoyoni. Ngoma zilikuwa zimenyamaza ncha zote mbili. Na pale, chini ya taa zake mwenyewe, kila mtu aliyekuwepo aliliona lile bamba jekundu mikononi mwake, linadondoka maji na damu. Aliyeifukua dawa amekufa, na dawa imemrudia mwenyewe. Watu walirudi nyuma wakampisha njia pana. Alitaka kusema. Alisema, tena kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kisukuma chake kibovu, kwamba ni waya, ni shaba, ni fyuzi. Waliinamisha vichwa kwa adabu kama wanaomsikiliza mtu anayetisha.

Wakubwa waliuliza maswali yao, wakasema ni ajali, wakaamuru jengo la mifugo lisiwashwe tena taa mwaka ule. Kiwanda hakikumfukuza. Laiti kingemfukuza. Alibaki mjini pale pale, na wale waliomwita mtani walianza kumwita mzee. Akipita sokoni, zogo lilipungua. Asubuhi alikuta kuku amefungwa mlangoni; mtu anaomba ushindi wa ngoma, mwingine anaomba adui yake akome. Aliwarudishia kuku wao na kuwaambia kweli, na kweli ilizidi kumpandisha cheo, maana mganga mkubwa hajitangazi. Usiku hakulala. Alikonda mpaka kanzu ikawa kama imeazimwa. Mwahija alitaka bamba litupwe chooni. Yeye alilificha chini ya kitanda na hakuweza kusema kwa nini. Alimweleza Mwahija habari ya Nkwabi mara nyingi, mwanzo mpaka mwisho, akitafuta mahali ambapo angeweza kugeukia njia nyingine. Palikuwa pengi mno. Kila mahali palimchoma.

Limi alikuja mwanzo wa mvua. Alikuja na bintiye mkubwa na mtoto mgongoni, wote watatu wamenyolewa, akakaa ukumbini chini ingawa Mwahija alimpa kiti.

"Mama Makoye, karibu," Zamoyoni alisema. Huyo Makoye alikuwa ndiye mtoto wa mgongoni, na jina alimpa Nkwabi mwenyewe, siku ya kicheko na pombe.

"Sikuja kugomba, baba," Limi alisema. "Nimekuja kuomba utuondolee."

"Nikuondolee nini?"

"Dawa. Wanasema ilimchukua baba yao kwa kuwa aliishika, na kwamba imebaki nyumbani kwetu. Watoto wa majirani hawachungi na binti yangu. Maji nachota peke yangu. Shemeji zangu hawataki kuingia ua wangu, hawataki hata kulima kando yangu, na msimu ndio huu. Mtoto akipata homa hakuna anayenisaidia kumbeba. Nimevumilia. Sasa siwezi."

Zamoyoni alimweleza. Hakuficha kitu. Alimweleza bamba, waya, bati lililobonyea, fyuzi ya Shaaban, woga wake mwenyewe. Alimwambia kwamba uongo wake ndio uliomuua mumewe, kwamba hakuna dawa wala haikupata kuwapo, kwamba anaweza kumlaani na kumpiga na ana haki. Alisema huku analia. Limi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika miguu, vile vile yeye alivyomshika Mageni.

"Baba, nakusihi. Usitukatalie. Wewe ulikula kwangu."

Alimtazama Mwahija. Kwa miaka yote ya ndoa yao mwanamke yule alikuwa amemwambia aseme kweli. Sasa aliinuka, akaenda jikoni, akarudi na mkaa kwenye ungo, na chumvi, na kata ya maji. Akaviweka mbele ya mumewe, akageuza uso ukutani.

Zamoyoni alilitoa bamba chini ya kitanda. Alitandika mkaa kwenye sinia, akanyunyiza chumvi, akalilaza bamba juu yake, akamwaga maji. Akaichukua mikono ya yule binti, kisha ya mtoto, kisha ya Limi, akaiosha juu ya shaba. Limi alisubiri. Dawa ina maneno yake, na Zamoyoni hakuwa na maneno. Alitafuta kichwani asipate dua wala wimbo. Alipata kitu kimoja tu, kile kilichofokwa asubuhi na wakati wa chakula kule Geita. Akakisema kwa Kizungu kile kile cha mzee kiziwi, polepole, juu ya mikono ya watoto wa Nkwabi: palipo na bati, maji na mnyama, anza na ardhi, taa baadaye.

"Imetoka," alisema. "Waambie wote imetoka. Asiyeamini aje kuniuliza mimi."

Mabega ya Limi yalishuka. Alimfunga mtoto mgongoni upya, akampa binti mkono, na usoni kwake palikuwa na nafuu ambayo Zamoyoni hakuwa ameiona tangu siku za maziwa mgando.

"Wabeja, baba," alishukuru. Alipofika mlangoni aligeuka. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli. "Maneno hayo ulikuwa nayo siku zote? Mbona Nkwabi hukumsemea, siku ile unafukia?"

Zamoyoni alibaki ameinamia sinia, mikono imelowa.